Vita vya Got Ndiga Vilivyofungiwa Mandazi

Karatasi ya kwanza ya vita ilitoka saa kumi na mbili na robo, Jumamosi asubuhi, imefungiwa mandazi manne ya fundi viatu. Ya pili ilienda na soja aliyekuwa akirudi kutoka kulinda usiku Woodley. Ya tatu, ya nne na ya tano Apiyo hata hakuziangalia. Mkono ulijua kazi yake wenyewe: chukua karatasi, kunja pembe, tia mandazi, pokea shilingi. Macho yake siku hizo yaliona vizuri vitu vya mbali tu. Vya karibu aliviachia vidole.

"Mama Okoth, leo umenipatia wanajeshi," fundi viatu alimwambia akiigeuzageuza karatasi yake. "Juzi ilikuwa ng'ombe."

"Kula. Hawaumi."

Wateja wa mtaa wa Mashimoni walikuwa wamezoea. Kwa karibu miaka miwili Apiyo alifungia mandazi karatasi za mitihani ya zamani kutoka chuo alikosomea mjukuu wake wa kike, Adhis. Karani wa chuo alimpa Adhis zile zilizopigwa chapa upande mmoja. Adhis alichora kwenye upande mweupe, maana karatasi mpya nani angenunua, na mchoro ukimshinda aliutupa ndani ya katoni ya sabuni iliyokaa chini ya meza. Katoni hiyo ilikuwa ya mandazi. Michoro iliyomridhisha ilikaa kwenye katoni ya pili, nayo ya sabuni ile ile, kando ya kitanda. Ng'ombe wenye miguu mitano, wazee wasio na shingo, nyumba zilizopinda, vyote vililiwa pamoja na mandazi kutoka penye bomba la maji mpaka kwenye reli.

Sasa usiku wa Ijumaa mvua ilinyesha na bati likavuja palepale juu ya kitanda. Adhis aliamka gizani, akasukuma katoni moja huku na nyingine kule ili zisilowe, akalala tena. Asubuhi aliondoka mapema kwenda maktaba. Apiyo aliinama chini ya meza kama kila siku, akavuta katoni.

Saa nne Jentrix, jirani yao wa mlango wa tatu, alikuja na beseni kuchukua mandazi mia moja aliyoagiza ya matanga. Mjomba wa mumewe alikuwa amefariki na watu walikuwa wanakaa matanga Kawangware, kwa baba mkwe wake, fundi wa mbao. Apiyo alitandika karatasi chini ya beseni, akapanga mandazi, akatandika karatasi tena, akapanga mengine, mpaka beseni likafura kama kilima. Yalikuwa ya moto bado. Akafunika na karatasi kumi za juu, akampa pole ya msiba.

Saa sita Adhis alirudi.

"Dani, umeona karatasi zangu?" alimuuliza bibi yake.

"Zako si ziko kando ya kitanda?"

Adhis alifungua katoni ya kando ya kitanda. Alichomoa ng'ombe asiye na kichwa. Alichomoa mzee mwenye mikono mitatu. Akapiga magoti chini ya meza na kuvuta ile nyingine, akahesabu zilizobaki kwa sauti ndogo sana, na alipofika mwisho alikaa chini kwenye sakafu ya udongo na kitabu cha maktaba mapajani.

"Arobaini na moja," alisema. "Zilikuwa mia na kumi na nane."

Apiyo alielewa kabla hajaelezwa. Alifuta mikono kwa leso yake, akaifuta tena, ingawa ilikuwa mikavu.

*

Karatasi hizo zilikuwa mpango wa filamu. Katuni, Adhis aliita, lakini katuni ya mambo ya kweli, yenye sauti ya mtu anayesimulia. Mwalimu Kitheka aliwaambia wanafunzi wake sita kila mmoja achague vita vya zama za kati, miaka mia tano iliyopita na zaidi, achore mpango mzima picha moja moja, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Chuo kilikuwa na kamera moja tu ya kazi hiyo. Jumatatu saa tatu angeangalia mipango yote na kuwapa kamera wawili. Wanne wangerudia mwaka. Na Okoth, babake Adhis, ambaye alikuwa kibarua wa majani chai Kericho, alikuwa ameandika barua mwezi wa pili: karo hii ndiyo ya mwisho, nyingine sina.

Wenzake watano walichagua wafalme wa Ulaya kutoka kwenye vitabu, wenye ngome na farasi waliovalishwa vyuma. Adhis alichagua Got Ndiga, kilima ambacho babu wa mababu zao walikipigania walipofika kutoka kaskazini, wakiwakuta watu wengine juu yake. Hakikuwa kwenye kitabu chochote. Kilikuwa kwenye mdomo wa Apiyo peke yake.

"Nitachora upya," Adhis alisema.

"Sabini na saba? Kwa siku moja na nusu?"

"Sasa nifanye nini, Dani? Nimwambie mwalimu vita vimeliwa?" Kisha akasema jambo ambalo hakuwa amekusudia kulisema. "Darasani hata jina langu hawalijui. Wananiita Mandazi. Kila kitu changu kinanukia mafuta. Vitabu, nywele, kila kitu. Nikiingia wanafungua dirisha."

Apiyo alikuwa amesimama na beseni tupu, na kwa muda hakujua aliweke wapi. Halafu aliliweka juu ya meza, akachukua magazeti ya zamani aliyokuwa ameyaweka ya kuwashia jiko, akayakunja chini ya kwapa.

"Mimi najua nani alinunua nini," alisema. "Zina namba?"

"Kwa pembe. Kila moja."

"Basi twende."

*

Walizunguka Mashimoni mchana kutwa. Apiyo alikuwa na utaratibu wake. Hakuomba bure: kila karatasi moja aliilipa na ukurasa wa gazeti. Fundi viatu alikuwa ameikalia yake. Mama wa kuuza makaa alikuwa amemfutia mtoto pua na nusu ya namba sitini. Soja alikuwa amelala, na Apiyo alikaa kwenye kigoda mlangoni mwake saa nzima kwa sababu mtu wa kazi ya usiku haamshwi. Alipoamka alikuta mama mzee mlangoni, akaruka akidhani ni habari ya kifo nyumbani. Karatasi yake alikuwa ameikunja ndani ya kofia, imshikie kofia kichwani.

"Kichwa changu kidogo, mathe," alisema kwa aibu, akaitoa.

Penye ploti ya nyuma, mke wa mwenye nyumba alisimama mlangoni na mikono kiunoni, wapangaji wakitazama.

"Ati unataka nini? Umeuza mandazi, umekula pesa, sasa unarudia karatasi? Kesho si utakuja kudai na mandazi yenyewe!"

Watu walicheka. Adhis alitazama chini. Apiyo naye alicheka, kidogo tu, kama mtu anayelipa nauli.

"Mandazi kaa nayo, mama. Karatasi tu."

"Basi nenda choo. Huko ndiko ziko."

Kweli zilikuwa huko, tatu, zimetobolewa na kutundikwa kwenye msumari. Adhis alikataa kuingia. Apiyo aliingia, akazitoa moja moja, akatundika ukurasa wa gazeti mahali pake, wa habari za michezo, akatoka akiwa ameinua kichwa kama aliyetoka kanisani.

Jioni walikuwa na karatasi ishirini na moja. Waliziweka kwenye meza, na Apiyo akashika taa juu yake na kusogea nyuma kidogo ili azione vizuri kwa mara ya kwanza. Kumbe mtoto alikuwa amesikiliza. Pale palikuwa na ile miamba miwili kama meno. Pale palikuwa na ngao za ngozi ya kiboko. Na pale, pembeni kabisa, Adhis alikuwa amechora kitu ambacho Apiyo alikitaja mara moja tu na kukisahau: wasichana saba wamelala juu ya ngozi moja ndani ya siwindhe, ile nyumba ya bibi ambamo wasichana walilala na kusimuliwa, na bibi mwenyewe ameegemea ukuta na kiko chake.

Apiyo aliitazama hiyo kwa muda mrefu. Wa tatu kutoka ukutani alikuwa yeye. Hapo palikuwa pake, kwa sababu alikuwa analia usiku na bibi alitaka amfikie kwa mkono. Alikumbuka ule mkono, mkavu, wenye harufu ya tumbaku na samaki, ukimpapasa kichwa gizani huku sauti ikiendelea na vita bila kusimama. Wale wengine sita hakujua tena nani yuko hai.

"Yule wa tatu," alisema.

"Ni wewe," Adhis alisema. "Ulisema wa tatu."

*

Jumapili baada ya kanisa walitembea mpaka Kawangware. Walipanda kupitia soko la Toi, wakavuka Ngong Road, wakafuata njia ya Riruta wakiwa wamebeba viatu vya kanisa mkononi kwa sababu ya matope. Jentrix alikuwa amewaelekeza: ukifika kwa vitanda vilivyosimamishwa barabarani, ndipo kwa baba mkwe wangu, Khamala.

Matanga yalikuwa yanaendelea uani. Khamala, mzee wa Kibukusu mwenye penseli nyuma ya sikio, alikuwa kwenye karakana yake na wazee wengine wawili, na juu ya benchi lake la kazi, zimepangwa kwa safu tatu na kubanwa na misumari zisianguke, zilikuwa karatasi za Adhis.

"Mulembe," Khamala aliwasalimu. "Nyinyi ndio wenye vita?"

"Ni sisi. Na pole na msiba."

"Tumeshapoa. Keti, mama. Tangu jana hatulali. Huyu anasema wa ngao nyeusi ndio wanashinda, mimi nasema bado. Zimechanganyika. Huyu mtu amekufa hapa, halafu hapa anakunywa uji."

Adhis alicheka kabla hajajizuia. Alianza kuzipanga kwa namba, na wazee wakasogea, wakisukumana kama watoto. Walihesabu arobaini na nane.

"Zilikuwa hamsini," Apiyo alisema. Alijua alichotandika.

Khamala alitazama juu darini. Mmoja wa wazee alikohoa. Ndipo Adhis aliiona, ukutani juu ya misumeno, imepigiliwa misumari minne midogo kwa ustadi mkubwa: mwanamke mwenye mtungi kichwani, akipita katikati ya majeshi mawili, na mikuki imeelekezwa chini ili apite.

"Hiyo siwapi," Khamala alisema.

"Mzee, hiyo ni namba mia na mbili," Adhis alisema. "Bila hiyo hakuna kitu."

"Msichana, unamjua huyo ni nani?"

"Ni wa hadithi ya Dani. Alipelekea maji pande zote mbili, vita vikasimama siku moja."

"Nauliza jina."

Adhis alimtazama bibi yake. Apiyo alikunja leso. "Sisi tunamwita nyar got tu. Binti wa kilima."

Khamala alipiga benchi kwa kiganja mpaka karatasi zikaruka. "Binti wa kilima! Mmesikia? Na nani alikuwa juu ya kilima? Sisi! Mjaluo mwenyewe amekubali! Huyo ni Nasipwondi. Bibi yangu alinisimulia, tukiota moto jikoni kwake. Alikuwa wetu, na maji yalikuwa yetu, na aliwapa nyinyi kwa huruma kwa sababu mlikuwa mnakufa na kiu."

"Sisi tufe na kiu? Watu wa ziwa?"

"Ziwa lilikuwa mbali siku hiyo, shemeji."

"Na nani alikimbia kilima?"

"Hatukukimbia. Tulihama."

Karakana nzima ilicheka, hata wale wanawake waliochungulia kutoka uani. Apiyo alicheka mpaka akafuta macho. Kwa miaka hamsini alidhani yeye ndiye wa mwisho mwenye vita hivyo kichwani. Na huyu hapa, mgeni, ana nusu ya pili.

Adhis hakucheka. Alikuwa amefungua begi na kutoa karatasi ya kwanza ya mpango, ile ambayo Mwalimu Kitheka aliandika kwa wino mwekundu mwezi uliopita: *Na adui? Yeye anasemaje?* Alikuwa hajapata la kujibu. Alitoa biro.

"Mzee Khamala," alisema, "anza mwanzo. Taratibu."

Khamala alisimulia mpaka jua likaanza kuingia kwa mlango wa karakana. Apiyo alimkatiza mara nane, naye akakatizwa mara kumi. Walikubaliana kuhusu miamba miwili. Walikubaliana kuhusu mtungi. Juu ya nani alishinda hawakukubaliana, na chai ya matanga ilipoletwa waliinywa bila kutazamana.

Mwishowe Khamala alichukua nyundo, akang'oa misumari minne mmoja mmoja, na kumpa Apiyo karatasi. "Irudi," alisema.

Apiyo aliipokea. Ilikuwa nzito kwa mafuta, imeshikana na nyingine nyuma yake, namba mia na tatu, na walipoipigilia hakuna aliyegundua ni mbili. Aliinua zote juu, kuelekea mlangoni, atafute pembe ya kuzitenganisha. Jua lilipita ndani yake kama linavyopita kwenye kioo. Mafuta yalikuwa yameifanya karatasi kupitisha mwanga. Mitihani ya upande wa nyuma ilionekana, lakini pia alionekana mwanamke wa maji, na nyuma yake mwanamke yule yule, hatua moja mbele. Apiyo alisogeza kidole. Akasogeza tena.

"Adhis," alisema. "Huyu mama ametembea."

Adhis aliinua macho. Katika chuo, meza ya kioo yenye taa chini yake, ya kuonyesha mchoro wa chini ili uchore wa juu ufuatane nao, ilikuwa ya mwaka wa tatu peke yao. Karatasi za kupitisha mwanga zilikuwa za wenye pesa. Yeye alichora kwa kubahatisha, na ndiyo maana watu wake waliruka badala ya kutembea. Alikuja akasimama nyuma ya bibi yake, kidevu begani, akatazama.

"Manze," alisema polepole. "Ni mafuta."

"Ni Kimbo," Apiyo alisema. "Nyumbani iko nusu mkebe."

*

Jioni hiyo Apiyo alipaka mafuta karatasi za mitihani zisizochorwa, kama anavyopaka sufuria, kwa kitambaa, nyembamba, pande zote. Alizipangusa kwa unga kidogo zisinate, akazibana kati ya magazeti na kuzipiga pasi ya makaa. Za kwanza mbili ziliungua. Ya tatu ilitoka kavu, ya rangi ya chai ya maziwa, na biro iliandika juu yake. Adhis alichora zile sita zilizopotea na mambo aliyosimulia Khamala, karatasi juu ya karatasi, akiona ya chini.

Ilibaki moja tu. Namba mia na kumi na nane, ya mwisho, ilirudi kutoka kwa mama wa makaa ikiwa imechanika. Sehemu yenye mfalme aliyeinua mkuki wa ushindi ilikuwa imewashia jiko. Kilichobaki kilikuwa karatasi tupu na doa la duara la mandazi.

"Hii nichore nani ameinua mkuki?" Adhis aliuliza.

Apiyo alifungua mdomo. Alijua jibu, alilijua tangu akiwa wa tatu kutoka ukutani. Halafu akamkumbuka yule mzee na nyundo yake.

"Iache hivyo," alisema.

Jumatatu aliuza mandazi na macho barabarani. Saa nne. Saa sita. Fundi viatu alimwambia amemrudishia chenji mara mbili. Saa nane Adhis alitokea penye bomba la maji, anatembea polepole, na begi limelegea. Halikuwa na karatasi ndani. Apiyo alisimama.

"Zimeenda wapi?"

"Amebaki nazo." Adhis aliketi kwenye kigoda cha wateja. "Nilipoingia walifungua dirisha kama kawaida. Mwalimu akauliza ni nini kinanukia. Wakacheka, wakasema, ni Mandazi. Nikamwambia ni kweli, ni mandazi. Nyanya yangu anauza mandazi Mashimoni na yeye ndiye ametengeneza hizi. Nikazishika kwa hilo dirisha walilofungua."

"Halafu?"

"Halafu mama wa maji akatembea. Hakuna aliyecheka tena. Kamera ni yangu kutoka Jumatano, Dani. Na amesema uwafundishe wote kupaka."

Apiyo aliketi. Alichukua andazi moja, akalifunga kwenye gazeti vizuri, pembe kwa pembe, akampa mjukuu wake kama anavyompa mteja, kwa mikono miwili.

*

Filamu ilionyeshwa Desemba ya mwaka huo, tisini na sita, ukutani mwa ukumbi wa chuo, kwenye shuka jeupe. Ilikuwa dakika nne na nusu. Apiyo na Khamala waliwekwa kwenye benchi la mbele, yeye kwa rinda la kanisa, Khamala kwa koti lililokuwa bado na vumbi la mbao mfukoni. Katika giza sauti ya Apiyo ilianza kusimulia, na ilikuwa ajabu kuisikia ikitoka mbali namna hiyo, kama ya yule bibi mwenye kiko. Kisha sauti ya Khamala ikaidakia. Wasichana saba walilala. Miamba miwili ilisimama. Mwanamke wa maji alishuka kilimani, akatembea, hatua baada ya hatua, bila kuruka hata mara moja, na mikuki ikateremka.

Mwisho ulipofika shuka lilijaa rangi ya chai ya maziwa, tupu, na duara moja kubwa katikati. Juu yake sauti mbili zilikuwa zinabishana nani alishinda.

Khamala alimsogelea Apiyo gizani. "Hicho ndicho kilima?" alinong'ona.

"Ni mandazi, shemeji," Apiyo alisema. "Nyamaza, nataka kusikia ukishindwa."